Dawa ya Siku Thelathini



Mgonjwa akipewa dawa ya siku thelathini, siku ya thelathini na moja anarudi kwa daktari. Daktari anamwangalia macho, anampima, anamwuliza kama homa imeshuka. Kama imeshuka, dawa inaachwa. Kama haikushuka, dawa inabadilishwa. Lakini daktari anayesema "endelea kunywa" kila baada ya wiki mbili, pasipo kupima, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, huyo hatibu mtu tena. Anauza chupa.

Dawa yetu ilianza tarehe 6 Mei 2021. Siku ile Rais wa Jamhuri, Bwana Félix Tshisekedi, aliyaweka majimbo mawili, Kivu ya Kaskazini na Ituri, chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao wakubwa wanauita kwa Kifaransa état de siège. Gavana wa raia, aliyechaguliwa na bunge la jimbo mwaka 2019, akaondoka, na jenerali akaketi katika kiti chake. Bunge la jimbo lenyewe likasimamishwa. Katika miji yetu miwili mameya wakatoka, maofisa wa polisi wakashika mihuri yao. Kesi za jinai za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za askari.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 144, inasema wazi: utawala wa namna hii ni wa siku 30. Baada ya hapo unaweza kuongezwa kwa siku 15, na kila mara lazima Bunge na Seneti wakubali. Waliotunga sheria ile hawakuwa wajinga. Walikata muda mfupi makusudi, ili kila baada ya siku 15 mkubwa wa serikali asimame mbele ya wawakilishi wa taifa na kusema: tumefanya hiki, tumeshindwa kile, tunaomba muda kwa sababu hii. Mwaka mmoja una vipindi 24 vya siku 15. Mwezi Mei 2025 dawa ya siku 30 ilitimiza miaka minne, na mikono ilikuwa bado inainuliwa Kinshasa. Kuinua mkono kumekuwa kama kupiga mhuri juu ya barua: hakuna anayesoma kilichoandikwa ndani.

Tuseme kweli yote. Utawala ule haukuletwa juu ya watu waliokuwa wakikataa. Wengi wetu tuliupokea kwa furaha. Mauaji yalianza kwetu Oktoba 2014, katika Beni na vijiji vyake. Agosti 2016 ikaja Rwangoma. Novemba 2019 wananchi wa Beni, kwa uchungu wa kuzika kila siku, waliichoma ofisi ya meya na kuishambulia kambi ya MONUSCO. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikwenda kulala katika kiwanja cha ofisi ya meya, watoto kwa watoto, wakisema hawaondoki mpaka Rais aje awaone. Watu wa namna hiyo, ukiwaambia kwamba jenerali anakuja kumaliza vita, watampigia makofi. Nasi tulipiga. Mtu anayezama hamwulizi aliyemnyoshea mkono jina la ukoo wake.

Kwa hiyo neno letu leo si kwamba dawa haikufaa kutolewa. Neno letu ni hili: aliyeitoa anatudai subira, nasi tunamdai hesabu. Subira tumeilipa. Hesabu hatujaiona. Na deni hilo halifutiki hata utawala huo ukiondolewa kesho asubuhi.

Kila karani wa mgodi anajua kwamba kitabu kina kurasa mbili, ya kilichoingia na ya kilichotoka. Mwisho wa mwezi kitabu kinafungwa, na kama gramu hazilingani, karani halali. Basi na tukifunge kitabu hiki sisi wenyewe, bila chuki na bila kujipendekeza.

Katika ukurasa wa kwanza tunaandika mema. Tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda, kwa kupatana na serikali yetu, lilivuka mpaka, na majeshi mawili yakaanza pamoja vita vilivyoitwa Shujaa juu ya ADF. Kambi kubwa za wauaji karibu na Beni zilipigwa. Ndani ya mji wa Beni watu walipata usingizi ambao hawakuwa nao mwaka 2014 wala mwaka 2019. Katika barabara ya Komanda hadi Luna magari yalianza kupita kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma, na wafanyabiashara wetu wakapata tena njia ya Bunia. Askari wengi, watoto wa watu kutoka Kasai, Ekwateri, Katanga na kwetu pia, wamekufa katika msitu huu. Jenerali Peter Cirimwami, aliyekuwa gavana wetu wa kijeshi, aliuawa Januari 2025 katika mapigano ya kulinda Goma. Mtu aliyekufa akimtazama adui hatumsengenyi.

Sasa ukurasa wa pili. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, bomu lilipasuka katika mkahawa ndani ya mji wa Beni, watu wakafa wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lingine likapasuka katika kanisa huko Kasindi, watu wakiwa katika sala. Machi 2023, katika kijiji cha Mukondi, wakauawa zaidi ya watu 30 usiku mmoja. Juni 2024 ikawa zamu ya Masala na vijiji jirani. Na tarehe 30 Agosti 2023, mjini Goma, askari wa serikali wenyewe waliwapiga risasi raia waliokuwa wakijiandaa kuandamana kuipinga MONUSCO, na zaidi ya 50 wakaanguka. Ndipo gavana wa kijeshi wa kwanza, Jenerali Constant Ndima, akaitwa Kinshasa.

Ndugu zetu wachimbaji, kuna mstari mmoja katika ukurasa huu unaowahusu ninyi kuliko wengine wote. Moshi ukifukuzwa katika nyumba moja, unaingia katika nyumba ya jirani. ADF walipopigwa karibu na Beni na Oicha, walihamia magharibi, upande wa Mambasa, kisha wakashuka Lubero, katika sekta ya Bapere, njia ya Manguredjipa. Huko ndiko kuna dhahabu, na kwa sababu ya dhahabu ndiko mlikokwenda kutafuta ada ya shule ya watoto. Mnakaa porini, katika vibanda vya turubai, mbali na kituo cha polisi, mbali na simu ya kukamata mtandao. Septemba 2025, huko Ntoyo, watu walikuwa wamekusanyika usiku katika matanga. Wauaji wakawakuta wamekaa wakilia marehemu mmoja. Kulipokucha, wa kuzikwa walikuwa zaidi ya 60.

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa tano wa dawa ya siku 30. Tunauliza kwa adabu: nani alikuwa na kazi ya kujua kwamba moshi utahamia Bapere? Na kama alijua, kwa nini mchimbaji hakuambiwa?

Tena kuna hasara isiyoonekana kama damu, nayo ni kupotea kwa mahali pa kuulizia. Zamani, mwananchi akionewa, alikuwa na mlango wa kubisha: mbunge wa jimbo, hakimu wa raia, hata meya mwenye kiburi ambaye angalau aliogopa kupoteza kiti chake. Mlango ule ulifungwa. Novemba 2021 vijana 12 wa LUCHA walikwenda mbele ya ofisi ya meya wa Beni, mikono mitupu, kusema kwamba utawala wa kijeshi usiongezwe tena. Walikamatwa, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kila mmoja miezi 12 ya gereza. Hawakushika bunduki wala panga. Walishika karatasi yenye maneno. Katika nchi huru, mtu anayeuliza "mpaka lini?" hujibiwa tarehe, hapewi pingu.

Na katika barabara? Mfanyabiashara wa kakao anajua, mchimbaji anayeshuka na gramu zake anajua, mama mwenye vikapu vya maharagi anajua. Kila bariera ina kamba yake, na kila kamba ina bei yake. Unalipa franka, kamba inashuka, unapita. Risiti hakuna. Fedha ile haingii katika kitabu chochote. Walituambia kwamba jeshi likitawala, tabia hii itakoma, kwa kuwa askari ana nidhamu. Basi waende barabarani na mzigo, bila bendera juu ya gari, waone wenyewe.

Tunajua majibu ambayo tutajibiwa. La kwanza: vita huongozwa na askari, si na makarani. Ni kweli, vita huongozwa na askari. Lakini kusimamia soko la Butembo si vita. Kutia saini hati za viwanja si vita. Kuhukumu kesi za majirani waliopigana kwa ajili ya mpaka wa shamba si vita. Ofisa anayeketi ofisini akihesabu kodi ya soko, siku hiyo hayupo Bapere. Tumewatoa askari katika kazi wanayoijua, tukawapa kazi wasiyofundishwa, kisha tunashangaa kwamba zote mbili zinakwenda vibaya. Jeshi linaweza kupiga vita vikali chini ya gavana wa raia. Nchi nyingi zimefanya hivyo.

Jibu la pili: raia waliotawala kabla yao walikula pia. Ni kweli, wala hatutawatetea. Tena mameya wale walioondolewa mwaka 2021 hatukuwachagua sisi. Kwa miaka mingi meya wa Butembo na meya wa Beni wamekuwa watu wa kuteuliwa kutoka juu. Lakini mwizi wa raia dawa yake ni kura na hakimu. Haifai kumwondoa mwizi pamoja na mlango na kufuli ya nyumba.

Jibu la tatu, ndilo wanalolisema kwa sauti ya chini: watu wa Grand Nord ni wagumu, huandamana sana. Jibu hili linatukumbusha Desemba 2018. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika uchaguzi wa tarehe 30. Tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku ile, kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na usalama. Watapiga Machi 2019. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Mpaka ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Lakini makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi, na kodi ilikuwa inakusanywa. Ugonjwa ule uliogopa sanduku la kura peke yake. Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019, na sisi tukaitwa tarehe 31 Machi kuchagua wabunge tu, kama wageni wanaoitwa mezani wakati sahani zinaoshwa. Hata hivyo watu wa Beni walifanya nini tarehe 30 Desemba 2018? Walijipanga mstari wenyewe, wakanawa mikono kwa kuogopa Ebola, wakaandika majina juu ya karatasi na kuyatia katika sanduku lao. Kura zile hazikuhesabiwa na serikali. Lakini zilionyesha kwamba watu hawa wanajua thamani ya kitu walichonyang'anywa.

Hapo ndipo ilipo shabaha ya maneno yetu. Babu zetu waliochimba kwa ajili ya Minière des Grands Lacs walimjua administrata wa Kibelgiji. Mtu yule mmoja alitoa amri, alikusanya kodi, na katika mahakama ya polisi aliketi yeye huyo huyo kuhukumu. Hakuchaguliwa na mtu mweusi hata mmoja, na hakuna aliyemwuliza hesabu. Baadhi yao walikuwa watu wema. Walijenga barabara na zahanati. Lakini wema wao ulikuwa kama mvua: ukija unashukuru, usipokuja huna pa kushitaki. Mei 1960 babu zetu walipanga mstari kupiga kura, na tarehe 30 Juni bendera ikabadilika. Hawakutaka tu administrata mweusi mahali pa mweupe. Walitaka mkubwa anayeweza kuulizwa. Uhuru ndio huo. Mahali ambapo anayeamuru, anayekusanya na anayehukumu ni mkono mmoja, na mkono huo haufungui kitabu mbele ya watu, uhuru wa hapo umelala hata kama bendera inapepea.

Serikali yenyewe inajua. Agosti 2023 iliwaita Kinshasa wajumbe wa majimbo haya mawili katika meza ya duara, wakae na kusema wanavyoona. Walisema, na wengi wao waliomba utawala wa kijeshi uondolewe. Oktoba 2023 Rais akatangaza kwamba utalegezwa polepole. Polepole ni neno zuri kwa mtu anayepanda Ruwenzori. Kwa mjane wa Mukondi ni neno refu sana. Na Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, makao ya serikali ya jimbo yakaja Beni, na gavana mpya, Jenerali Evariste Somo Kakule, akakaa kati yetu. Mkubwa wa jimbo hakupata kuwa karibu hivi na makaburi yetu. Hatuna haja tena ya kupanda ndege ili kuuliza.

Basi tunauliza, na tunaomba mambo matano.

Kwanza, hesabu ya miaka yote tangu Mei 2021 itolewe hadharani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za komine: waliouawa, waliotekwa, vijiji vilivyorudi, shule zilizofunguliwa, fedha zilizoingia na fedha zilizotumika.

Pili, kabla ya mbunge yeyote wa kwetu kuinua mkono kwa ajili ya utawala wa namna hii, aje Butembo na Beni aeleze mbele ya watu sababu yake.

Tatu, mahakama za raia zirudishiwe kazi yake yote, na hakuna raia ahukumiwe na askari kwa sababu ya neno alilosema.

Nne, kila bariera iwe na jina la mkubwa wake, bei iliyoandikwa na risiti. Isiyo na hayo iondolewe.

Tano, maofisa warudi mbele, kwenye njia za Manguredjipa na Mambasa ambako mchimbaji analala bila mlinzi. Na miji ikabidhiwe kwa raia, kisha ije siku ambayo tutawachagua wenyewe mameya na mabaraza yetu.

Lakini, ndugu wasomaji, kitabu hakifungwi na serikali peke yake. Nasi tuna mistari yetu mibaya. Ni sisi tunaotoa franka kwenye kamba na kusema "twende, tunachelewa," bila kudai risiti hata siku moja. Ni sisi ambao mara nyingine tumemshika mgeni njiani, tukamwita ADF kwa sababu ya lugha yake au ndevu zake, na kumwua kwa mawe kabla ya kumwuliza jina. Damu ile inatuandikwa sisi. Mtu anayedai hakimu kwa ajili yake hana ruhusa ya kumnyima mwingine hakimu.

Tena tuanze kazi moja ndogo ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Katika kila kijiji, kila parokia, kila kambi ya wachimbaji, awepo mtu mmoja anayejua kuandika, naye awe na daftari. Aandike jina la kila aliyeuawa na la kila aliyetekwa, tarehe, mahali, na jina la mama yake. Msiseme "watu 10 wamekufa." Andikeni majina yao. Kwa maana wakati wa hesabu utafika, na wakubwa watasema hawakumbuki. Siku ile tutaweka madaftari yetu mezani, moja juu ya lingine, tutawaambia: someni.

Tushikamane, tusichoke, na tusiache kuuliza.